Vibao Viliposema Hapana Mara Tatu

Tangu asubuhi A-khim na binti yake Siok-bi walikuwa mlangoni wakibandua chaza. Kisu cha mama kilikwenda polepole. Ilikuwa siku ya tatu hajatia kitu tumboni.

"Mama, kunywa japo uji."

"Baba yako amenikataa. Huo uji utapita wapi?"

Mzee Thian-hok, mume wa A-khim, alikuwa amefariki ghafla. Asubuhi ile mkewe alikuwa amemnunia, hata hakumuaga. Baada ya maziko, A-khim alirusha vibao viwili vya mbao mbele ya picha ya marehemu, kuuliza kama amesamehewa. Kila kibao kina upande bapa na upande wa mbinuko. Vikilala tofauti, marehemu amekubali. Vikilala sawa, hajakubali. Alirusha mara tatu. Mara zote vililala sawa.

Jirani yao Gim-lian, mwalimu mstaafu, akaja na kigoda chake.

"Shoga, chaza hao unawabandua au unawabembeleza?"

A-khim hakucheka. Siok-bi akaeleza yote.

Mwalimu akaokota kipande cha mkaa, akampa binti. "Kila ukirusha, ndiyo na hapana zina nafasi sawa. Siok-bi, andika njia zote ambazo vibao vinaweza kujibu kwa mara tatu."

Siok-bi akaandika sakafuni, N ya ndiyo, H ya hapana:

NNN, NNH, NHN, HNN, NHH, HNH, HHN, HHH.

"Nane. Ngapi zina ndiyo japo moja?"

Siok-bi akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Usijichoshe. Tafuta isiyo na ndiyo kabisa."

"HHH. Moja tu."

"Itoe kwenye nane."

"Saba!"

"Umeona? Ama unapata ndiyo japo moja, ama hupati kabisa. Hakuna la tatu. Ukijua idadi ya kundi moja, iliyobaki ni ya kundi la pili."

"Na mimi nikaangukia hiyo moja," A-khim akasema. "Si mkosi huo?"

"Moja katika nane si mkosi. Wajane wanane wakirusha mara tatu tatu, si ajabu mmoja akaondoka analia. Ni mbao tu zimeanguka hivyo." Akatazama ile HHH sakafuni. "Mimi pia nilirusha kwa mume wangu, nikaondoka nalia. Mwaka wa sita huu."

Jioni A-khim alivifungia vibao kabatini. Akakaa mbele ya picha.

"Nilikununia, baba Siok-bi. Nisamehe."

Akajifuta macho.

"Siok-bi, lete uji. Mabakuli matatu."

"Matatu, mama?"

"Na la baba yako."