Maneno Aliyoyaruka Redio

Siku fundi cherehani alipofariki, suruali ya mteja ilibaki chini ya sindano, mguu mmoja umeshonwa, mwingine bado. Mkewe hakuiondoa. Kila asubuhi kabla ya shule, binti yao aliipangusa vumbi. Binti huyo aliitwa Redio, kwa jinsi alivyopenda kusoma kwa sauti.

Wiki ya sita, baba yake mdogo alifika na karatasi.

"Shemeji, tia dole gumba hapa. Ni ya kufuatilia mambo ya marehemu tu."

Mama hakujua kusoma. "Nisomee, mwanangu."

Redio alianza kwa mbwembwe. Katikati akakutana na maneno mazito ya kisheria. Akaona haya kusema hayajui, akayaruka.

"Ni sawa, mama."

Mama akatia dole. Baba mdogo akawaachia nakala, akaondoka.

Siku tatu baadaye alirudi na utepe wa kupimia, akapima chumba baada ya chumba. "Nyumba mmeniachia wenyewe. Mwisho wa mwezi mhame."

Alipotoka, Redio aliangua kilio. "Mama, nilikudanganya. Sikuyaelewa yale maneno."

Mama akamvuta karibu. "Ningekugombeza, lakini baba yako angeninunia huko aliko. Futa machozi. Muuza mkaa anasema kila Alhamisi, nyuma ya zahanati, kuna msaada wa sheria wa bure."

Njiani mama alinong'ona, "Cha bure hicho, tusije tukapewa mwanafunzi!"

Walimkuta mama mmoja mwenye mvi na miwani mizito. Redio akamweleza yote, hata maneno aliyoyaruka. Aliisoma nakala mara mbili, kisha akamtazama Redio.

"Umefanya vyema kusema kweli. Aliyetia dole kwa kudanganywa bado ana pa kusemea. Nyumba ya marehemu haigawiwi mlangoni, mjukuu wangu. Ina mahakama yake."

Akawaandikia maombi, akawasindikiza mahakamani mara tatu. Hakimu aliwasikiliza wote, baba mdogo pia, kisha akaibatilisha ile karatasi.

Pale nje ya mahakama, yule msaidizi wa sheria alimshika Redio bega. "Kuuliza si ujinga. Neno likikushinda, sema limekushinda, hata kama unasifiwa kwa kusoma. Na wewe mama, usidhani sheria ni ya wenye suti tu."

"Nimekoma, dada," mama akasema, akicheka huku machozi yanamtoka.

Sasa nyumba ile ina hati. Imeandikwa majina mawili, la mama na la binti yake.