Lori Lisilozimwa

Hebu fikiria uwanja wa gereji saa za mchana. Jua limekaa juu ya mabati, na lori kuukuu limefunguliwa boneti kama mgonjwa aliyeambiwa apanue mdomo. Ndani ameketi dereva, mwenye lori, anagonga kioo cha geji kwa ukucha. Asubuhi, injini ilipokuwa baridi, mshale wa presha ya oili ulisimama vizuri. Sasa imepata moto, mshale umelala.

"Shemeji, umelala tena!" aliita.

Fundi alikuwa kaka wa mke wa dereva huyo. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakitazama tena. Oili imejaa. Chini ya lori hakuna hata tone. Oili yenyewe haikuwa na maji wala harufu ya dizeli. Ilikuwa na harufu nyingine, hafifu, kama ya machinjioni kabla hapajaoshwa.

Oili ndani ya injini hufanya kazi kama ute wa magotini mwetu. Pampu huinyonya kutoka kwenye bakuli la chini na kuisukuma kati ya vyuma, visigusane. Presha ikishuka, vyuma husagana mpaka injini ife.

"Geji nayo ni shahidi," alisema fundi, "na shahidi huweza kusema uongo." Akafunga geji yake mwenyewe kwenye injini. Ikasema yaleyale. Akabadilisha chujio. Yaleyale.

Watu walimwita Sikio, kwa sababu alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini akauegemeza nyuma ya sikio, akasikia kilicho ndani. Siku hiyo alisikia mafunda. Kitu kilikuwa kinavuta, kinasita, kisha kinatema.

"Umesikia nini?" dereva aliuliza.

"Beringi," alijibu fundi. Lakini alifuta sikio lake begani, kama mtu aliyepuliziwa.

Kesho yake waliifungua injini kwa chini. Pampu ilikuwa nzima. Beringi za krenki, vile vibati vyembamba vinavyoukumbatia mhimili wa injini, ndizo zilizolika, shaba inaonekana. Mke wa dereva alipita kuwaona, akasimama mkono kiunoni.

"Nyie wanaume, mmelivua nguo zote hadharani, hata haya hamna?"

"Mke mwenzio huyu," dereva alimjibu. "Mzoee tu."

"Mke mwenza gani anakunywa kuliko wewe?"

Walicheka, wote watatu. Kilikuwa kicheko chao cha mwisho pamoja.

Gereji hiyo ilikuwa na desturi yake. Beringi mpya lazima zipakwe oili kabla ya kufungwa, na anayezipaka ni mwenye gari, kwa kidole gumba chake, ili chuma kimjue bwana wake. Dereva akapaka. Ukingo wa beringi ukamchana, na damu ikatiririka ndani ya oili.

"Ngoja nifute," alisema fundi.

"Ah, shemeji, tone moja! Si nimeambiwa kinijue? Funga."

Fundi alilishika tambara. Kisha akaliweka chini, akafunga.

Injini iliwaka mara moja. Mshale ukapanda, na hata ilipopata moto haukushuka. Dereva alimpa fundi mkono kwa furaha, na mkono ule ulikuwa baridi. Fundi alichukua bisibisi yake, akasikiliza. Mafunda yalikuwepo, mazito, ya pupa, na safari hii hakikutemwa kitu.

Dereva akazungusha ufunguo, akazima. Mshale haukuanguka kama mishale mingine inavyoanguka injini ikizimwa. Ulishuka polepole, na kadiri ulivyoshuka ndivyo midomo ya dereva ilivyogeuka rangi ya majivu, mpaka akalala juu ya usukani na mkewe akapiga ukelele, na fundi, bila kujua kwa nini, akapenyeza mkono dirishani akaiwasha injini. Mshale ukapanda. Dereva akavuta pumzi.

Walijaribu kumpeleka hospitali kwa gari lingine. Hawakufika hata kwenye kona. Ilibidi wamrudishe mbio kwenye kiti chake, karibu amekwisha.

Ndipo akaitwa mama mmoja anayejulikana kwa kutoa majini. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka.

"Anayevamia hutolewa," alinong'ona. "Huyu amelishwa. Alikuwa anaonja oili yenu na kuitema. Mkampa kinachomezeka."

"Mama, nikiivunja injini?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Vunja, mwanangu. Ila muulize kwanza aliyeketi mle kama yuko tayari."

"Hakuna dawa?" mke wa dereva alimshika kanga. "Hata kidogo?"

Yule mama aliitoa mikono ile taratibu, kidole kimoja kimoja, akaenda zake.

Basi tangu siku hiyo lori linanguruma usiku na mchana. Mke humimina dizeli kwa faneli, huku akimsimulia mumewe habari za nyumbani, na mumewe humtazama bila kupepesa. Fundi anajua jambo ambalo hajamwambia dada yake: kwamba oili huchakaa na lazima ibadilishwe, na haibadilishwi injini ikiwa inawaka, kwamba hata beringi mpya hulika, na kwamba mshale, ambao yeye huutazama kila akipita, umeanza kuinama, kidogo, kidogo, na jana alipoegemeza bisibisi nyuma ya sikio alisikia chini ya mafunda yale sauti ya shemeji yake ikimwita, ikiomba azime, ingawa kinywa cha shemeji kilikuwa kimefumbwa mbele ya macho yake.

Hakuzima. Dada yake alikuwa anatazama.

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Ukipita mahali ukakuta lori kuukuu limesimama likinguruma kutwa, na moshi unakukera, usigonge dirisha ukataka lizimwe. Pita taratibu. Kuna mtu anausikiliza mngurumo huo.