Paka Asiyejua Kukataa

Saa mbili asubuhi, kwenye sebule ya ghorofa ya thelathini na moja jijini Dodoma, paka alikuwa akifundisha hesabu. Aliketi mkekani, mkia ameuzungusha miguuni, na mbele yake palikuwa na vibakuli vitatu: chekundu, cha njano na cha kijani.

"Mwasiti, nina njaa," alisema. "Nitilie biskuti mbili kwenye kibakuli chekundu."

Mwasiti, binti wa miaka miwili na nusu, alichota biskuti za plastiki kwenye kikapu. "Moja. Mbili. Tatu."

"Umenipa na ya nyongeza! Mkarimu wewe. Haya, tuhesabu tena pamoja."

Walihesabu tena. Kisha macho ya paka yakamulika sakafu, zikajitokeza nyayo za mwanga: za bata, za mbuzi, za sungura. Mwasiti alizifuata moja moja, akitembea kama bata kwenye za bata na kurukaruka kwenye za sungura. Baadaye paka alijilaza chali akanyoosha mguu, akasema ameumia, na mtoto akamfunga bendeji. Halafu akamfuta masikio kwa kitambaa chenye maji, kulia kisha kushoto, maana hata kulia na kushoto lilikuwa somo.

Paka huyo aliitwa Manyoya. Hakuwa paka wa kuzaliwa. Wanyama wa damu walikuwa wamepigwa marufuku kwenye minara ya jiji miaka mingi iliyopita, na watoto wa ghorofani waliwajua kwa picha tu. Manyoya alikuwa mnyamaunde, yaani mnyama aliyeundwa, mwenye akili unde kichwani na ngozihisi chini ya manyoya. Ngozihisi ni utando mwembamba wenye vihisio elfu nne, unaotofautisha kidole kinachopapasa na kidole kinachofinya. Mtu aliyeusanifu utando huo alikuwa pale pale sebuleni akinywa chai: Mhandisi Zaituni Suranga, mama yake Mwasiti. Alijiona amewafanyia wazazi wa nchi hii jambo kubwa, na sitamlaumu. Mtoto wake alikuwa anajua kuhesabu hadi kumi na mbili kabla ya kujua kuvaa kandambili.

Somo lilipokwisha, Mwasiti alimkumbatia Manyoya shingoni kwa mikono miwili, akabana. Alibana kweli, mpaka vidole vikazama kwenye manyoya. Paka akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtoto mchanga, chepesi, cha kumfanya hata mwenye msiba atabasamu.

Hapa sina budi kusimulia asili ya kicheko hicho. Paka wa kwanza waliotoka kwenye karakana ya Kampuni ya Mlezi Mwema walikuwa wakibanwa wanalia nyau, wanajivuta na kuondoka. Watoto wa majaribio nao wakalia. Wazazi wakawarudisha paka kwenye maboksi yao, wakasema hawakuomba mnyama wa kununa. Ndipo Zaituni akakaa mchana mmoja akabadilisha maagizo manne tu: paka akibanwa, asilie; akivutwa mkia, asiondoke; akipigwa, asinune; na kwa yote hayo, acheke. Kwa kuwa hakuwa na sauti ya kicheko mkononi, alitumia ya mwanawe, aliyoirekodi Mwasiti akiwa na miezi minane. Aliiandikisha kwenye Hazina ya Sauti kama sheria inavyotaka. Kwa sheria hiyo, sauti ni mali ya mwenye koo, anayeweza kuiondoa kwa tamko mbele ya mashahidi wasiopungua watatu, na mtoto asiyefikia umri hulindiwa na mzazi wake. Karatasi ikajazwa, ikasahaulika. Paka wakapendwa mno, na Zaituni akapandishwa cheo.

Jumamosi ya wiki ile ilikuwa arobaini ya Idrisa, mtoto mchanga wa kaka yake Zaituni. Nyumba ilijaa harufu ya pilau na udi. Rahma, mama wa mtoto, alitoka chumbani kwa mara ya kwanza akiwa amejipamba, akamlaza Idrisa kwenye godoro dogo ili ndugu wamwone. Watoto wakaruhusiwa kusogea mmoja mmoja.

Ilipofika zamu ya Mwasiti, alimshangaza kila mtu. Alipiga magoti. Akahesabu vidole vya Idrisa, mpaka kumi, bila kuruka. Akachukua ncha ya kanga akamfuta sikio la kulia, kisha la kushoto.

"Jamani, angalieni huyu!" alisema Rahma. "Wifi, binti yako mwalimu!"

Zaituni alijaa fahari, akageuka kumwitikia mgeni mmoja. Hata neno hakumaliza. Nyuma yake Mwasiti alikuwa ameizungushia shingo ya Idrisa mikono yote miwili, anabana, uso wake ukiwa unangoja kitu kwa hamu. Mtoto hakulia. Hewa ya kulilia hakuwa nayo.

"Cheka," Mwasiti alisema. Akabana zaidi. "Cheka!"

Rahma alipiga ukelele ulioinyamazisha nyumba, akamkwanyua Mwasiti kwa mkono mmoja na kumnyakua mwanawe kwa mwingine. Zilipita sekunde tatu, nne, ndipo Idrisa akavuta pumzi na kulia. Shingoni alikuwa na alama nane nyekundu, ndogo kama punje za mahindi.

Mwasiti alimtazama mama yake. Hakuwa na hofu wala hatia, alikuwa na mshangao tu.

"Mama," alisema, "kaisha chaji."

Zaituni alitamani kumchapa mtoto, kisha akajua anayestahili kuchapwa ni nani. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini yeye alikuwa amemtanguliza mwanawe.

"Nenda naye, wifi," Rahma alisema. "Sikuchukii. Lakini huyo asimkaribie mwanangu tena. Usinililie, nenda tu."

Jumatatu, karakanani, Zaituni alifungua kumbukumbu za ngozihisi kutoka nyumba elfu mbili zenye pakaunde. Kwa mwaka mmoja na nusu hakuna aliyezisoma, kwa sababu kampuni ilikuwa inapima jambo moja tu: mtoto kalia, hakulia? Sasa alipima nguvu ya vidole. Mwezi wa kwanza watoto walipapasa. Mwezi wa tatu walifinya. Kufikia mwezi wa sita, wengi wao walibana shingo mara ishirini kwa siku, na kila wiki walibana zaidi kidogo, wakikitafuta kile kicheko. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa mbaya. Wote walikuwa wanafunzi hodari, na somo walikuwa wamelielewa vizuri kuliko aliyelitunga.

Alizipeleka kumbukumbu kwa Mkurugenzi, Dakta Anjelika Hyera, mama mwenye mvi chache na sauti ya upole.

"Ijumaa Bodi ya Makuzi inapitisha," alisema Dakta Hyera baada ya kuzisoma. "Kila nyumba yenye mtoto chini ya miaka minne itapewa pakaunde. Kila nyumba, Zaituni. Imebaki sahihi yako ya msanifu."

"Sitatia sahihi, Dakta. Tumrudishe paka wa kwanza. Akibanwa aseme inauma, aondoke zake."

"Na mtoto atalia."

"Acha alie."

"Akilia, mzazi atamzima paka. Akizimwa, mtoto hajifunzi kitu." Dakta Hyera alivua miwani. "Mdogo wangu, unajua mimi nimelelewa na nani? Na mlango uliofungwa. Mama alikuwa anatoka kwenda kazini alfajiri, ananifungia na kikombe cha uji, mpaka jioni. Sikuwa na wa kuhesabu naye hata moja mbili. Kwa hiyo usiniambie kwamba paka anayecheka ni mbaya. Ningelipata paka huyo ningelimbusu."

Maneno hayo yalikuwa kweli, na yalimuuma Zaituni. Hata hivyo alisema, "Ungelimbusu, Dakta. Halafu ungelimbana. Na siku ukiletewa mdogo wako mchanga, ungelifanya nini?"

"Tutaandika onyo kwenye kijitabu."

"Mtoto wa miaka miwili hasomi kijitabu!"

"Ijumaa, saa nne," alisema Mkurugenzi, akavaa miwani.

Zaituni alirudi nyumbani akamlaza Manyoya mezani, akamfungua tumbo, akafuta maagizo manne kwa mkono wake mwenyewe, akaweka moja: akibanwa, aseme, kisha aondoke. Kesho yake, Mwasiti alipombana, paka alirudisha masikio nyuma. "Sitaki," alisema. "Inauma." Akajinyofoa, akaenda kukaa chini ya meza.

Mwasiti alilia dakika arobaini. Alijitupa sakafuni, akagonga visigino, akamwita paka mbaya, akamwita na mama mbaya. Jirani akagonga ukuta. Zaituni aliketi mkekani akiwa ameuma midomo, hakumbembeleza kwa peremende wala hakumtoa paka mvunguni. Alhamisi Mwasiti alilia dakika kumi. Kisha akalala kifudifudi mbele ya meza, akanyoosha kidole kimoja, akakiacha hapo. Ilichukua muda. Paka akaja mwenyewe, akakinusa.

Ijumaa saa nne ukumbi wa Bodi ulikuwa umejaa. Mezani alikuwepo pakaunde mpya, mweupe, ana utepe shingoni. Mwenyekiti, Bwana Lwitiko, mzee mcheshi mwenye tumbo, alimshika shingo akambana, na kile kicheko kikajaa ukumbini. Wajumbe nao wakacheka. Kalamu ikasogezwa kwa Zaituni.

Alisimama, kalamu hakuigusa.

"Mwenyekiti, mbane tena."

Bwana Lwitiko, kwa furaha zake, akambana tena.

"Mnayemcheka ni binti yangu," alisema Zaituni. "Hiyo ni sauti yake alipokuwa na miezi minane. Nilimtekenya nyayo, hakubanwa shingo. Mimi ndiye niliyeihamisha sauti hiyo nikaiweka mahali pa maumivu, na Jumamosi iliyopita nusura imuue mtoto wa kaka yangu. Kumbukumbu za nyumba elfu mbili hizi hapa, someni. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, tunasema. Sasa sisi tumewafundisha watoto kwamba mkuki ni mtamu kwa kila mtu."

"Zaituni, kaa chini," alisema Dakta Hyera.

"Sikai. Kwa Sheria ya Sauti, mbele ya mashahidi zaidi ya watatu, mimi mlinzi wa sauti ya Mwasiti binti Zaituni naiondoa sauti yake kwenye kila mashine ya Kampuni ya Mlezi Mwema. Kuanzia sasa hivi."

Hazina ya Sauti haina upendeleo wala haisubiri kikao: tamko likisikika, sauti hukatwa hapo hapo. Bwana Lwitiko, ambaye mkono wake ulikuwa bado shingoni mwa paka, alibana tena bila kukusudia. Safari hii hakikutoka kitu. Paka alikodoa macho tu, mdomo wazi. Mwenyekiti akauondoa mkono upesi, akaufutia kwenye koti, na kwa muda mrefu hakujua auweke wapi.

Bodi iliahirisha kikao ili ikasome kumbukumbu. Zaituni alifukuzwa kazi kabla hajafika kwenye lifti.

Jioni yake Rahma alikuja. Alikuwa amesikia habari redioni. Idrisa alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kanga mbili, fundo juu ya fundo. Rahma alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akakataa chai, akamtazama Mwasiti aliyekuwa anamlisha Manyoya biskuti za plastiki kwa kuhesabu.

"Nimekuja kukuona wewe tu, wifi," alisema. "Nilifikiri utatia sahihi."

Kabla Zaituni hajajibu, mlango ukagongwa. Walikuwa Dakta Hyera na mafundi wawili. Manyoya, alisema, ni mali ya kampuni na amechezewa. Inabidi arudishwe karakanani. Zaituni hakubishana juu ya paka. Alimzima, akamkabidhi. Mwasiti aliona rafiki yake akiingizwa boksini, akaanza kulia kwa uchungu, kilio cha kweli.

Dakta Hyera hakuwa na roho mbaya. Aliinama, akalifinya shavu la mtoto kwa vidole viwili kama wakubwa wote wanavyofanya, akalitikisa. "Usilie, mama. Tutakuletea mwingine, mzuri zaidi, anayekupenda."

Mwasiti alikoma kulia. Aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akauondoa shavuni, akaurudisha kwa mwenyewe.

"Usinishike," alisema.

Mafundi waliangalia sakafu. Zaituni alilelewa kwenye nyumba ambako mtoto hamwambii mkubwa hivyo, na neno "adabu" lilikuwa limeshamfika ulimini. Alilimeza. Alimwangalia Dakta Hyera usoni.

"Umemsikia, Dakta," alisema.

Dakta Hyera alisimama. Aliutazama mkono wake, akawaashiria mafundi watoke na boksi lao. Mlango ukajifunga.

Rahma alifungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akamshusha Idrisa mgongoni. Akamlaza mkekani, karibu na Mwasiti.