Hukumu ya Haron

Kila asubuhi, baada ya kumkatia ng'ombe majani na kunywa uji, Persis aliteremka kilima kwenda shuleni, nje kidogo ya mji wa Keroka, huku akijisemea maneno ya hakimu. Shule ilikuwa ikitayarisha mchezo wa kuigiza kuhusu Padraig, kijana wa Ireland ya zamani aliyeiba kondoo wakati wa njaa, akahukumiwa kuvushwa bahari hadi koloni la wafungwa huko Australia. Persis ndiye aliyekuwa hakimu. Haron, mwana wa Mzee Jaffer muuza nguo, alikuwa mfungwa. Tena ndiye aliyetunza ufunguo wa stoo ya mavazi.

Alhamisi mchana, Haron alikwenda kubeba viti akauacha mlango wa stoo wazi. Persis akaingia kutafuta wigi lake la katani. Umeme ulikuwa umepotea na ndani hakukuonekana kitu, kwa hiyo akawasha mshumaa, akaubandika juu ya sanduku. Mara tu alipolipata wigi, kengele ililia. Alitoka mbio, mshumaa akausahau.

Muda si muda moshi ukafuka kutoka kwenye paa. Mzee Nyakundi, mlinzi wa shule, aliuzima moto kwa maji na mchanga, lakini mavazi yote yaliteketea, na mkono wake wa kulia ukaungua. Persis alimwona akipandishwa pikipiki kupelekwa zahanati, meno ameyauma kwa maumivu.

Wanafunzi walikusanywa uwanjani.

"Nani alikuwa na ufunguo?" aliuliza Bwana Onchiri, mwalimu mkuu.

"Ni mimi, mwalimu," Haron alijibu. "Mlango niliuacha wazi. Lakini sikuwasha moto."

"Ufunguo ni wako, moto si wako? Kesho uje na baba yako."

Persis alifungua kinywa. Akakifunga.

Jioni hiyo ugali ulimshinda. Mama yake, Kwamboka, alimtazama kwa wasiwasi.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Sina njaa tu."

"Nimekutana na Mulki sokoni, mama yake Haron. Analia. Mumewe amesema mtoto anayechoma shule hakai kwake. Kesho wakitoka shuleni anampeleka kwa ami yake Mandera."

"Mandera ni mbali?"

"Mbali sana. Akishafika huko, sijui mama yake atamwona lini tena."

Persis alilala macho wazi. Alijiambia huenda Mzee Jaffer atabadili nia. Alijiambia huenda Haron ataipenda Mandera. Kila alipofumba macho, aliuona mkono wa Mzee Nyakundi.

Asubuhi, Mwalimu Nyangate, aliyeongoza mchezo, aliwaita mazoezini. "Tutaendelea hata bila mavazi," alisema. "Ishmael, shika nafasi ya mfungwa."

Ishmael akapiga magoti. Persis akasimama juu ya kiti cha hakimu, wigi kichwani. Lilikuwa ndilo vazi pekee lililopona.

"Padraig," alianza, "utavushwa bahari, wala hutaiona tena..."

Dirishani aliweza kuona mlango wa ofisi. Mzee Jaffer alikuwa ameshatoka, kanzu yake ikipeperushwa na upepo, na Haron alikuwa akiinama kuokota begi lake la nguo.

"Endelea, Persis," alisema Mwalimu Nyangate.

Persis alivua wigi, akaruka chini na kukimbia. Aliwafikia karibu na lango, pumzi zikimkata.

"Mzee, usimpeleke," alisema. "Ni mimi. Niliingia na mshumaa, nikausahau. Haron hajui chochote."

Mzee Jaffer alisimama. Bwana Onchiri na Mwalimu Nyangate walikuwa wamefika nyuma yao.

"Jana nilipouliza, ulikuwepo?" aliuliza Bwana Onchiri.

"Nilikuwepo, mwalimu. Niliogopa."

Haron hakumtazama. "Mama amelia usiku kucha akinifungia nguo," alisema. "Na wewe ulikuwa unajua."

Machozi yalimtiririka Persis.

Mzee Jaffer alilichukua begi kutoka mkononi mwa mwanawe. "Uliniambia hukuwasha moto, nami sikukusikiliza," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nisamehe. Twende nyumbani, mama yako asilie zaidi."

"Mimi pia nilihukumu haraka," alisema Bwana Onchiri. "Nitalisema mbele ya shule nzima."

Jioni ile Persis na mama yake walikwenda kwa Mzee Nyakundi kumwomba radhi. Aliwasamehe, na ikakubaliwa kwamba Persis atamtekea maji na kumchanjia kuni mpaka mkono upone. Jumatatu, yeye na wenzake walianza kushona mavazi mapya. Haron alikaa mbali naye, lakini alipomwona akihangaika na sindano, alimsogezea uzi bila kusema neno.

Mwalimu Nyangate aliliona hilo. Akaketi kando ya Persis.

"Kusahau mshumaa kunaweza kumpata mtu yeyote," alimwambia. "Kosa lako kubwa lilikuwa kunyamaza. Ukikosea, sema mapema, hata kama unatetemeka. Ukinyamaza, adhabu haipotei. Inamwangukia mwingine."