Swali la Saba

Nyumba ya Mama Chilongani ilikuwa ikipumua, na wageni thelathini walinyamaza waisikie. Nje, vumbi jekundu la Dodoma lilikuwa limelifunika jua tangu asubuhi. Ndani ya sebule, hewa ilinukia kama baada ya mvua.

Mashine iliyofanya kazi hiyo iliitwa pafu unde. Ilikuwa na matundu mawili ukutani, moja la kuvutia hewa na jingine la kutolea, na ufundi wote ulikuwa katika kuyapanga. La kuvutia likae juu, upande upepo unakotoka, mbali na jiko na magari. La kutolea likae upande wa pili, nyumba isije ikavuta tena uchafu wake yenyewe. Pafu unde lilichagua mahali lenyewe, baada ya kumwuliza mhandisi maswali kumi na mawili. Mtu angedhani maswali kumi na mawili hayamshindi msomi.

Msomi mwenyewe alikuwa Mhandisi Nakunda Mrutu, aliyeibuni mashine hiyo. Alisimama karibu na dirisha, glasi ya juisi mkononi, akisifiwa mpaka akachoka kutabasamu. Mbele yake alikuwa Bwana Machela, msimamizi wa mtaa mpya wa nyumba mia nne zitakazofungwa mashine hiyo.

"Ramani hii hii, bila kugusa kitu," alisema Bwana Machela. "Weka sahihi, mhandisi, kesho mafundi waanze. Pilau linapoa."

Hapo ndipo kikohozi kiliposikika kutoka uani. Kilikuwa kirefu, cha mtu anayetafuta pumzi haipati.

"Ni dada huyo," alisema Mama Chilongani akicheka. "Mafua yake hayaishi."

Nakunda alisingizia kwamba anakwenda kukagua ukuta wa nyuma. Tundu la kutolea lilikuwa hatua mbili tu kutoka dirisha la banda dogo. Lilitema fukuto la jiko, mvuke wa mabafu na harufu ya vyoo vinne. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kanga iliyofifia rangi. Mlangoni aliketi Veneranda, mfanyakazi wa ndani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo," alisema Nakunda. Alikuwa amefika nyumba hii mara sita, na hii ndiyo ilikuwa shikamoo yake ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama mashine?"

"Kifua hicho kimeanza lini, mama?"

"Tangu mlipoifunga. Mwezi wa tatu huu. Kwaya nimeacha, sauti haipandi tena."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mashine yenyewe kila asubuhi inatangaza kwamba hewa ya nyumba ni safi."

Nakunda alitoa kibao chake cha kiganjani, kilichounganishwa na mashine. "Tundu la kutolea umeliweka hapa kwa nini?" aliuliza.

Pafu unde halina kinyongo na mtu. "Swali la saba," lilijibu. "Nyuma ya nyumba anaishi nani? Jibu lako: hakuna mtu."

Akakumbuka. Siku ya kupima alibisha hodi, Veneranda akamfungulia geti na kusema, "Karibu. Hakuna mtu, nipo mimi tu." Ndivyo wanavyojibu wafanyakazi wa ndani wenyeji wao wasipokuwapo, na hakuna anayeshangaa. Nakunda naye hakushangaa. Alisimama kwenye kivuli cha banda lile lile akajaza fomu ya maswali.

"Usijisumbue," alisema Veneranda, aliyekuwa amesikia yote. "Mimi ndiye niliyekwambia hakuna mtu."

Afadhali angemtukana. Nakunda aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alirudi sebuleni.

"Bwana Machela, siweki sahihi," alisema. "Uani anaishi mtu, nami nilijibu hakuna. Miezi mitatu tunampulizia uchafu wetu. Na hizo nyumba mia nne zote zina banda uani."

"Jamani," alisema Mama Chilongani, "si dada tu huyo..." Akayasikia maneno yake mwenyewe.

Nakunda aliinua kibao mbele ya watu wote. "Futa mpango. Uliza upya."

"Swali la saba," lilisema pafu unde. "Nyuma ya nyumba anaishi nani? Taja jina kamili."

"Anaishi Veneranda..." Nakunda alikwama. Akamgeukia mwenye nyumba. "Veneranda nani?"

Mama Chilongani alikuwa amekaa na mwanamke huyo miaka kumi na tisa. Alitazama zulia. "Sisi tunamwita dada," alisema polepole.

"Jibu halijakamilika," lilisema pafu unde.

Nakunda aliweka glasi mezani, akarudi uani kuuliza.