Pikipiki na Goti la Mshonaji

Cherehani ilikaa kimya karibu na dirisha. Juu yake palikuwa na gauni la shule lisilo na pindo. Mshonaji alikuwa amelifunika kwa shuka ili asilione.

Zamani chumba hicho kilikuwa na kelele tangu asubuhi. Mshonaji alikanyaga cherehani ndani, mumewe, ambaye ni seremala, akapiga randa barazani, na kila mmoja alidai mwenzake ndiye anayesumbua mtaa. Kisha Mshonaji aliteleza kwenye ngazi zilizolowa maji, akavunjika mguu wa kushoto. Mfupa uliunga, lakini goti likakataa kukunjika. Cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, na goti lililokakamaa haliwezi kazi hiyo.

"Goti hili linataka mazoezi kila wiki," mtaalamu wa viungo aliwaambia hospitalini. "Mkikosa mara kwa mara, litabaki hivi hivi."

Hospitali iko ng'ambo ya kilima. Barabara ina mashimo, basi halifiki. Pikipiki za kukodi huja zikipenda. Mshonaji alikosa mazoezi mara nyingi, na kila alipokosa, goti lilizidi kukakamaa.

Seremala akaamua kununua pikipiki yao wenyewe. Wazo lilikuwa zuri. Kosa ni kwamba alitaka kumshtukiza mkewe, kwa hiyo hakumwambia. Alimwambia shemeji yake tu, mdogo wake Mshonaji, anayeitwa Spidi. Jina hilo hakulipata kwa kufikiri haraka.

Dukani waliona pikipiki tatu.

"Hii fupi ni ya kuendea kununua chumvi," Spidi alisema. "Achana nayo."

"Na ile ndefu?"

"Ile ni mnyama, shemeji. Tazama tangi. Tazama ilivyonyanyuka. Mashimo itayaruka."

Walilinganisha rangi. Walilinganisha mngurumo. Walibishana sana kuhusu kasi. Seremala aliikalia ile ndefu ikiwa juu ya stendi. Spidi naye akaikalia. Hata muuzaji akaikalia kuwaonyesha taa. Mtu mmoja tu hakuikalia, naye ndiye aliyekuwa akinunuliwa pikipiki hiyo. Alikuwa nyumbani, kitandani, amenyoosha mguu.

Jioni Mshonaji alitoka nje akishika ukuta. Alipoiona pikipiki alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaisogelea, na uso ukabadilika.

"Mume wangu, napandaje?"

"Unakanyaga hapa ubavuni, kwenye kikanyagio, halafu unajiinua."

"Kwa mguu upi?"

Seremala alitazama. Kiti cha nyuma kilikuwa juu mno. Ili kukifikia, abiria alipaswa kukunja goti la kushoto na kupanda kama anapanda ngazi. Goti hilo ndilo lililokuwa likipelekwa hospitali.

Mtu mwingine angerudi dukani siku hiyo hiyo. Lakini huyu ni seremala, na seremala akiona tatizo huona mbao. Alitengeneza kigoda chenye vidaraja viwili, akakipiga msasa vizuri. Kesho yake Mshonaji alipanda kwa kigoda hicho, wakaondoka.

Kilimani walikutana na lori la mchanga likishuka katikati ya njia. Seremala alifunga breki na kushusha miguu. Vidole tu ndivyo vilivyogusa chini. Pikipiki iliinama, naye hakuwa na nguvu ya kuizuia. Ilianguka, nao wakaanguka nayo, na goti bovu likagonga jiwe.

Seremala aliinyanyua pikipiki kwa shida. Haikuwa imeharibika.

"Panda twende. Hospitali si mbali tena."

"Nipande na nini?" Mshonaji aliuliza. "Kigoda kiko wapi?"

Kigoda kilikuwa nyumbani, kando ya mlango. Seremala alijaribu kumbeba, lakini kila alipomnyanyua, pikipiki iliyumba. Mwishowe walirudi kwa miguu. Yeye alisukuma mnyama wake, na mkewe alimfuata kwa fimbo, akisimama kila baada ya hatua chache kupumua.

Goti lilivimba, na mazoezi yakasimama kabisa. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao, mmoja mmoja, wakisema pole.

"Nilitaka ufurahi," Seremala alisema.

"Najua. Mguu huu umeshakuwa gogo. Wewe ni fundi wa mbao, unajua gogo halikunjwi."

Huo ulikuwa utani wao wa zamani, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Nina ombi," Mshonaji aliendelea. "Nitafutie mtu wa kununua cherehani. Kila nikiitazama, inanisimanga."

Seremala alitoka nje asionekane analia. Alikwenda kwa jirani yao, mkunga anayezunguka nyumba hadi nyumba kwa pikipiki. Watu humwita Mama Helmeti, kwa sababu hata akija kwako kunywa chai husahau kuivua. Alitaka kumuuliza kama anajua mnunuzi. Alipofika, badala ya kuuliza, akaeleza yote.

Mama Helmeti hakumlaumu. Lawama hazikunji goti.

"Mwanangu, ulipokwenda dukani, uliulizia nini kwanza?"

"Kasi, mama. Na nguvu ya injini."

"Unamkimbiza nani? Safari yako ni ipi?"

"Kumpeleka mke wangu hospitali."

"Basi hapo ndipo pa kuanzia. Nani atapanda, na barabara ikoje. Pikipiki yoyote nzima ya ukubwa wa kati inaweza kupanda kilima hiki na watu wawili. Injini kubwa zaidi itakunywa mafuta zaidi tu. Miguu yako yote miwili lazima ikanyage chini, kisigino na vidole. Ukisimama ghafla, hiyo ndiyo itakayowashika."

"Na kiti cha nyuma?"

"Kiwe chini na kirefu. Kikanyagio cha abiria kiwe chini pia, kisogee mbele kidogo, mguu wake usilazimike kukunjika sana. Asikae upande hata siku moja. Ekzosi, lile bomba la moshi, iwe na kinga asiungue. Kisha rudi mtaani uulize mafundi: cheni, viatu vya breki, spea za pikipiki ile, zinapatikana hapa? Kama spea mpaka uagize mbali, utaegesha pikipiki na kuitazama. Na uliza wenye nazo zinakula mafuta kiasi gani. Usimuulize muuzaji, muuzaji huuza."

Seremala aliitika kwa kichwa.

"Lakini kubwa ni hili," Mama Helmeti alisema. "Mchukue mkeo. Mwili wake utakuambia yote haya vizuri kuliko mimi."

Ile ndefu iliuzwa kwa hasara. Kabati la nguo, kazi ya mikono yake mwenyewe, nalo likauzwa kujazia pesa, na nguo zikahamia kwenye magunia. Uvimbe ulipopungua, Mama Helmeti alimpakia Mshonaji kwenye pikipiki yake fupi, wakaenda dukani wote watatu.

Safari hii pikipiki ziliteremshwa kutoka kwenye stendi, na Seremala alihakikisha kwanza miguu yake yote inakanyaga chini. Mshonaji alisimama kwa mguu mgumu, akapitisha mguu mzima juu ya kiti. Ya kwanza ilimshinda. Ya pili alipanda, lakini kikanyagio kilimuumiza goti. Ya tatu alikaa, akaweka mguu bila maumivu.

"Hii," alisema.

Ilikuwa ile ya kuendea kununua chumvi. Ndiyo ambayo mafundi wote wa mtaani walikuwa na spea zake. Walinunua na helmeti mbili.

Hawakukosa tena mazoezi. Hata hivyo, mtaalamu hakuwaficha. "Mmechelewa," alisema. "Halitakunjika lote. Kuchuchumaa, sahau." Mshonaji alilia njia nzima akiwa ameegemea mgongo wa mumewe, na mumewe aliendesha polepole.

Lakini goti lilikunjika kidogo, kisha kidogo tena. Asubuhi moja Seremala alisikia sauti akiwa barazani, akaacha randa. Cherehani ilikuwa ikienda, inakatika, inaenda. Alipochungulia, mkewe alikuwa anapiga pindo la lile gauni la shule.

"Mwenye hili gauni ameshakua," Mshonaji alisema bila kugeuka. "Halitamfaa tena. Lakini nalimaliza."

Siku chache baadaye Spidi alikuja mbio.

"Shemeji, nanunua pikipiki leo! Nisindikize. Nimeona moja, kasi yake..."

"Nyuma atapanda nani?" Seremala alimkatiza.

"Mama. Magoti yanamsumbua siku hizi, nataka nimshtukize."

Ndani, cherehani ilisimama.

"Nenda kamlete kwanza," Seremala alisema.