Maini ya Kuku wa Mwinjuma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sabra, msichana wa darasa la sita, alikoroga dawa ya unga katika maji ya kuku wa baba yake. Wazima kwa wagonjwa, wote waliinywa. Baba yake, Mwinjuma, alikuwa amefuga kuku kwa miaka miwili tu pale Kibiti, lakini ukimsikiliza ungedhani yeye ndiye aliyewafundisha kuku kudonoa.

Maelezo ya dawa yalisema isimamishwe siku kumi kabla ya kuchinja. Mwinjuma aliyadharau.

"Nikiacha dawa, kuku akanifia kabla ya kisu, huyo ni kibudu, hasara tupu," alisema. "Nikiwahi kumchinja kwa bismillahi, ni halali. Hao waliotengeneza dawa wanajua nini?"

Debe tupu haliachi kuvuma.

Jumatatu, Daktari Safina wa mifugo alichukua kuku wawili wakapimwe maabara. Alhamisi alirudi na majibu, akamkuta Mzee Mshamu wa Mtunda amekuja na matenga kuchukua kuku themanini wa harusi ya binti yake.

"Nyama hii ina mabaki ya dawa," daktari alisema. Akawaonyesha picha kwenye simu: sahani ndogo iliyotandwa na bakteria, na katikati kipande cha ini. "Tazameni, pembeni mwa ini bakteria hawakuota. Dawa iliyomo imewazuia. Tukizoea kula nyama kama hii, bakteria wa miilini mwetu nao wataizoea dawa. Siku tukiugua, haitatusaidia."

Mwinjuma akacheka kwa kejeli. "Picha za simu hizo. Dawa niliiacha wiki mbili zilizopita. Muulizeni mwanangu."

Sabra, aliyekuwa ametoka shule, alisimama kando ya matenga. Alimwogopa sana baba yake, lakini kuku wale walikuwa wanakwenda kuliwa na harusi nzima.

"Niwie radhi, baba. Nimeikoroga leo asubuhi."

Mwinjuma alikunja uso. "Haidhuru. Wakichinjwa kwa bismillahi, ni halali."

"Tumeambiwa tule kilicho halali na kizuri," Mshamu alisema. "Wewe umeshika halali peke yake. Haya, chinja mmoja apikwe sasa hivi, na Sabra ale maini mbele yangu."

Mwinjuma alimtazama mwanawe. Kisu kilikuwa karibu, hakukigusa.

Mshamu aliondoka na matenga matupu. Dawa ikasimamishwa siku hiyohiyo. Baada ya siku kumi na mbili kuku walipimwa tena, wakaonekana safi, ndipo wakauzwa.

Jioni ya siku waliyouzwa, Mwinjuma alimwita Sabra. "Nilitaka kuwalisha watoto wa wenzangu nyama niliyoogopa kukulisha wewe," alisema. "Mtu wa namna hiyo si mfugaji, ni mwongo. Ukiniona narudia, nisute tena mbele za watu."